Mdundo wa Mwalimu Rukia na Mashine ya Vioo Vinane

Siku ya hitima ya Bwana Seif, baada ya dua na chakula, nilibaki nimekaa kwenye jamvi katika chumba kilekile ambacho zamani kilikuwa darasa. Siku hizi ni sebule ya mwanawe, na ina makochi na televisheni pana ukutani. Lakini nilipoegemea nilihisi mgongoni tundu lililozibwa ovyo kwa saruji, nikalitambua hapo hapo. Nililitoboa mwenyewe, kwa nyundo na msumari mnene, kupitishia waya. Wanawake walikuwa wamemaliza kula uani na mmoja mmoja walianza kupita ukumbini kwenda zao. Mwalimu Rukia hakwenda. Alivuta kiti, akakiweka kwenye mlango wa chumba, nusu ndani nusu nje, kama alivyozoea kukaa alipokuwa akisimamia mitihani. Amekuwa mwembamba na macho yamepungua, lakini shingo bado ameinyoosha vilevile. Pembeni yake alisimama mjukuu wake, Zuhura, binti anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini.

"Shikamoo, Babu Hamza."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi kanambia wewe ndiye uliyeleta kompyuta ya kwanza humu ndani. Basi nina swali. Kazini tunanunua seva. Ni moja tu, ila tutaigawa ndani kwa ndani ziwe mashine pepe kama kumi, kila idara na yake. Sasa wakubwa wanabishana. Huyu anataka prosesa ya nguvu, yule anataka memori kubwa. Pesa haitoshi vyote viwili."

"Mashine pepo?" Mwalimu Rukia akauliza.

"Pepe, Bibi. Pepe! Yaani hazipo kwa macho. Kila mtu anaona ana kompyuta yake, kumbe wote wamo kwenye moja."

"Moja, na ndani yake wamekaa kumi wasioonekana. Na bado unanambia si pepo." Tukacheka, yeye zaidi yetu. Kisha akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, akasema kwa wepesi kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mie na kompyuta tulishaachana kitambo. Kompyuta haipendi mdundo. Muulize Hamza."

Zuhura alinigeukia akingoja jibu, na mimi nilitazama jamvi. Sentensi ile haikuwa ya Mwalimu Rukia. Ilikuwa yangu. Nilimpa katika chumba hiki, mwaka ule, na yeye akaishi nayo.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Temeke nzima ilikuwa ikifungua maduka. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, na kila aliyepunguzwa alikuwa na wazo la mradi. Nilikuwa kijana, nina kidato cha nne changu, nimetoka kupunguzwa kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja. Kule nilikuwa mtu wa kubadilisha karatasi na kuwasha mitambo, lakini kwa miaka michache niliyokaa niliona kitu ambacho watu wengi mjini hawakuwa wamekiona. Niliona mashine moja kubwa chumbani peke yake, na waya zikitoka kwenda ofisi zote, na kwenye kila meza kioo na kibodi, kila karani akiamini mashine ni yake. Nilijua jambo hilo linavyokwenda, na nilijua kwamba najua. Nilitembea nalo mtaani kama mtu aliyevaa saa mpya.

Bwana Seif alikuwa na duka la vyombo mbele ya nyumba hii, la babu yake na baba yake kabla yake, na nyuma ya duka, katika vyumba viwili alivyovunja ukuta vikawa kimoja, alikuwa na chuo cha uhazili. Chuo kilikuwa taipureta za chuma, meza za mbao, na Mwalimu Rukia. Ndiye aliyekuwa chuo chenyewe, na sisi wengine tulikuwa majirani zake. Aliingia asubuhi na rula ya mti, rula nene ya fundi seremala, akasimama ubavuni mwa meza yake. Wasichana walikaa, mgongo wima, vidole juu ya herufi. Akasema, "Haya." Rula ikagonga ukingo wa meza, na taipureta zote zikagonga pamoja, pigo moja. A. Rula. S. Rula. D. Hakukuwa na mtu wa mbele wala wa nyuma. Aliyepitwa na pigo alisikia jina lake, na baada ya jina maneno yaleyale kila siku, bila hasira: "Umechelewa. Anza tena." Kufika saa nne, mkewe Bwana Seif alikuwa uani anatwanga kisamvu, na bila mtu kumwambia mchi wake ulikuwa umeshaingia kwenye mdundo. Wapita njia walipunguza mwendo. Nami nilikuwa naletwa pale na njaa ya saa saba, lakini nilianza kufika saa nne.

Tatizo lilikuwa kwamba ofisi mpya zilikuwa zinauliza mhazili anayejua kompyuta. Madawati ya nyuma yalianza kubaki wazi. Siku moja tukiwa tumezunguka sinia la wali wa nazi na changu wa kupaka, Bwana Seif, mkewe, Mwalimu Rukia na mimi, Bwana Seif akaupasua ukweli huku anatafuta mfupa kwa kidole.

"Rukia, kuna mtu wa mitumba anakitaka chumba. Analeta marobota. Sijamjibu."

"Ami, na wanangu?"

"Ndiyo nakwambia sijamjibu. Nataka kompyuta. Wakijua kompyuta, chumba chako. Wasipojua, cha marobota."

Mwalimu Rukia aliacha kula. Alikunja mkono juu ya ukingo wa sinia. Na hapo ndipo mimi niliposafisha koo.

Nilieleza vizuri, hata leo sioni haya ya maelezo yale. Nilisema kompyuta nane hatuziwezi, lakini tunaweza kununua moja yenye nguvu, tukafunga vioo vinane na kibodi nane, na kila msichana akakaa na yake. Bwana Seif alinielewa kabla sijamaliza. "Kama sinia hili," alisema. "Wali mmoja, na kila mkono una upande wake." Nikasema ndivyo. "Na huyu mwenye mkono mkubwa?" akauliza mkewe, akimtazama mumewe, na tukacheka sote isipokuwa Mwalimu Rukia, aliyekuwa bado anafikiri.

"Hamza," alisema, "na wakigonga wote kwa pamoja?"

"Dada Rukia, hilo usihofu. Mie nimeliona kazini. Watu hawagongi pamoja. Huyu anafikiri, huyu anakunywa chai, huyu kaenda msalani. Mashine inamhudumia yule anayegonga, wengine wanalala. Ndiyo ujanja wake."

"Hapa hakuna anayekwenda msalani bila ruhusa yangu."

Nilicheka sana. Nilidhani ni mzaha. Alikuwa ananipa kipimo cha mashine nzima katika sentensi moja, na mimi nilichota wali.

Duka lilikuwa mjini, la kijana aliyekuwa akienda na kurudi Dubai. Alituweka mbele ya masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na prosesa ya kasi, ambayo yeye aliiita kichwa, lakini memori yake ilikuwa ndogo. La pili kichwa chake kilikuwa cha kawaida na memori nyingi. Bei zilikaribiana, na hatukuweza kulipia kichwa cha hili na memori ya lile. Sanduku la kwanza lilikuwa na kidirisha usoni ambamo tarakimu za kijani ziliwaka kuonyesha kasi. La pili pia lilikuwa na kidirisha, ila namba yake ilikuwa chini. Bwana Seif alivaa miwani, akasoma hii, akasoma ile. Mfanyabiashara hasomi namba mbili akapenda ndogo. "Na hii memori ni nini?" aliniuliza. Nikamwambia ni kumbukumbu, mahali ambapo mashine inaweka kazi inazozifanya wakati huo. "Wasichana wana kumbukumbu zao," alisema. Ningeweza kumzuia. Kazi yangu pale ilikuwa kumzuia. Lakini na mimi nilikuwa naitazama ile namba ya kijani, na kwa ndani nilikuwa nimeshaibeba nyumbani. Tukaijaribu kama watu wetu wanavyojaribu kila kitu cha umeme kabla ya kutoka nacho dukani. Iliwashwa, nikagonga ukurasa mzima, herufi zikaruka kwenye kioo kabla kidole hakijanyanyuka. "Hii ndiyo," nilisema. Nilijaribu mashine ya watu wanane kwa mtu mmoja, na nikaridhika.

Meza za chuma tulichomelesha Manzese, kwa mafundi waliotuuliza kama tunafungua baa. Nilisambaza waya chumba kizima, nikatoboa kuta, nikaweka stabilaiza chini ya meza ya mwalimu kwa sababu umeme wa mwaka ule ulikuwa na tabia zake. Taipureta zikahamishiwa stoo, zikafunikwa gunia. Jioni wasichana wawili walijaribu. Herufi zikaruka. Bwana Seif akakaa mwenyewe, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akaliangalia muda mrefu. Akaagiza vitumbua.

Asubuhi ya darasa la kwanza nilisimama mlangoni nimevaa shati la mikono mirefu. Mwalimu Rukia alipita akikagua migongo na vidole, akarudi kwenye meza yake, akanyanyua rula. "Haya."

Rula iligonga. Vidole vinane vilishuka. Vioo vilibaki vyeusi. Rula ikagonga tena na tena, na chini ya meza nikasikia diski ikianza kusaga, krr, krr, kama mtu anayetafuna barafu. Kisha kwenye kioo kimoja zikatoka herufi tatu kwa mkupuo, kingine hakikuwa na kitu, kingine kikatoa moja. Wasichana walitazamana. Aliyeona kioo chake hakina kitu alibonyeza tena, na herufi zikaja maradufu. Mmoja aliyetoka mbali kuliko wote, Gongo la Mboto, akaanza kulia taratibu bila kuondoa vidole kwenye kibodi.

Nilijua papo hapo. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba sikuhitaji hata dakika ya kufikiri. Kila msichana alikuwa na kazi yake ndani ya mashine, na kazi zote nane hazikuenea kwenye memori niliyoinunua. Zilizobaki mashine iliziweka kando, kwenye diski, na kuzirudisha mwenye kazi anapogonga. Wakigonga wawili watatu kwa zamu, hakuna anayegundua. Wakigonga wanane kwa pigo moja, mashine inamtoa huyu ili imwingize yule, ikimwingiza yule huyu anabisha hodi tena, na kichwa chote kile cha kasi kinakaa bure kinasubiri diski. Ofisi yoyote ya kawaida ingeibeba mashine ile bila shida. Mimi niliipeleka mahali pekee Dar es Salaam ambapo watu wanane walifundishwa kwa bidii kugonga kwa wakati mmoja.

Mwalimu Rukia aliweka rula chini. Alitembea nyuma ya viti, akaangalia vidole kimoja kimoja, akanyoosha mkono wa huyu, akainua kiganja cha yule. Alikuwa anatafuta kosa kwao. Hakulikuta, akanitazama.

"Tumekosea wapi, Hamza?"

Bwana Seif alikuwa nyuma yangu. Nilisikia tasbihi yake.

"Hamjakosea," nilisema. "Kompyuta si taipureta, Dada. Haipendi mdundo. Kila mtu inabidi agonge kivyake."

Alinikubalia. Mimi ndiye nijuaye. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari.

Wiki hiyo hiyo alikuwa anakuja bwana mmoja wa ofisi mpya ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa Msasani, kuangalia wasichana. Akiwapenda angewachukua wote, na angeleta wengine wafundishwe. Asipowapenda, tulijua marobota yanakaa wapi. Mwalimu Rukia hakunililia wala hakunilaumu. Alikaa na wasichana wake darasani na mlango umefungwa, nikisikia kutoka dukani sauti yake ikihesabu, ikikatiza, ikianza upya. Siku ya mgeni nilielewa alichofanya. Alikuwa amewagawa wawili wawili, wanapokezana kama waitikiaji wa maulidi. Wawili wanagonga mstari mmoja, wanainua mikono, wawili wengine wanapokea, na kabla hawa hawajamaliza wale wameshaweka vidole. Rula haikugonga. Aliwaongoza kwa macho. Mashine, ikiwa na wawili tu wa kuwahudumia kwa wakati mmoja, ilikwenda kama maji. Bwana wa Msasani alitazama vioo, akatazama zile tarakimu za kijani, akasema, "Hii mashine ina kasi, bwana." Akawachukua wote.

Bwana Seif alipika biriani. Alinikalisha kuliani kwake, akaniwekea paja la mbuzi upande wangu, akawaambia majirani waliojaa barazani kwamba kijana huyu ndiye aliyekiokoa chuo. "Namba ile niliiona mwenyewe," alisema, "lakini yeye ndiye aliyesema hii ndiyo." Nililila paja lile. Mwalimu Rukia alikuwa upande wa pili wa sinia, akila kidogo kidogo, na aliponitazama hakuwa na lawama yoyote. Alikuwa na shukrani. Hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo kuliko lawama.

Wasichana wapya walikuja, chumba kikajaa. Kila mmoja aligonga kivyake, kama nilivyoamuru. Walijifunza, lakini walijifunza polepole na kwa makosa mengi, na chumba kilikuwa na sauti ya mvua inayoshindwa kunyesha. Mwalimu Rukia alizunguka nyuma ya viti asijue la kufanya na mikono yake. Uani mchi ulirudi kutwanga kivyake. Kabla mwaka haujaisha alimwambia Bwana Seif kwamba anaondoka, anakwenda kufundisha ushonaji Gongo la Mboto. "Cherehani angalau ina pedali," alisema. Rula aliiweka kwenye mkoba wake pamoja na chaki na kanga ya kujifunika wakati wa kuswali. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa na umbali wote ule, kutoka mlango wa duka hadi kituoni, wa kusema neno moja.

Mwaka uliofuata chuo kilipata pesa za kuongezea memori. Niliifunga mwenyewe asubuhi wasichana hawajafika. Walipokuja niliwaambia wakae wima, waweke vidole, na kwa kuwa sikuwa na rula nilipiga makofi. Pigo moja, herufi nane, vioo vinane, bila kuchelewa. Diski haikusema kitu. Nilirudia mpaka viganja vikaniwasha. Gongo la Mboto ni barabara moja tu kutoka hapa. Sikuishika siku ile, wala wiki ile, na kitu kisichosemwa kwa wiki moja kinakuwa kizito kusemwa. Nimefunga mashine nyingi tangu hapo, katika ofisi ambazo majina yake yako kwenye magorofa, na nasema bila kujisifu kwamba sijawahi tena kuchagua vibaya. Kila mteja huwa namuuliza swali moja kabla ya kutaja bei: watu wako wanagonga lini? Nilijifunza swali hilo kwa mwalimu ambaye sikumlipa ada.

Zuhura alikuwa bado amesimama, anasubiri.

"Hao wa idara kumi," nilimuuliza, "wanaanza kazi saa ngapi?"

"Saa mbili, Babu. Wote. Saa mbili kamili kila mtu anawasha."

"Basi nunueni memori. Prosesa ya wastani itawatosha. Memori ichukueni kwa hesabu ya wote kuamka kwa wakati mmoja, msihesabu wanaolala. Na msiijaribu na mtu mmoja. Ijaribuni na wote."

Aliandika kwenye simu yake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema, niliendelea. Niligeuka pale jamvini mpaka nikawa namtazama Mwalimu Rukia.

"Dada Rukia. Ile mashine yetu ilikuwa na memori ndogo. Nilichagua mimi, nikachagua vibaya, na nilijua siku ileile ya kwanza. Wewe uliniuliza kabla hatujanunua. Mdundo haukuwa na kosa. Nilikudanganya."

Ukumbini mtu alikuwa anakusanya masinia, bati juu ya bati. Mwalimu Rukia alinisikiliza kwa shingo ileile iliyonyooka.

"Vidole vya wanangu vilikuwa sawa?"

"Vilikuwa sawa."

"Na yule aliyelia?"

"Sawa kabisa. Baadaye niliongeza memori, nikawagongesha wote pamoja kwa makofi. Ikabeba."

"Kwa makofi," alisema. Zuhura akamwekea mkono begani. "Hamza, nimeshona mashuka ya Gongo la Mboto nzima. Kila mtu akiniuliza kwa nini niliacha kufundisha uhazili, namwambia kompyuta haipendi mdundo. Nimewaambia hata wajukuu."

"Najua. Nimesikia leo."

Yeye aligeuka kwa mjukuu wake.

"Hiyo yenu mpya. Wakigonga wote, itabeba?"

"Wakimsikiliza Babu, itabeba."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha mkono wake wa kulia, mkono wa rula, ukapanda polepole kwenye mkono wa kiti, na mifupa ya vidole ikagonga mbao. "Haya," alisema, na alikuwa ananitazama mimi. Ikabidi niweke vidole magotini, mahali ambapo herufi zingekuwa. Aligonga. Nilitafuta A kwa kidole kidogo kilichokakamaa, nikaipata pigo likiwa limeshapita.

"Umechelewa," alisema Mwalimu Rukia. "Anza tena."